Kiingereza cha Kumgombeza Mkwe

Niseme mapema nisije nikasingiziwa: sikujifunza Kiingereza ili nionekane nimeendelea. Nilijifunza ili nimgombeze mkwe mwenzangu, mama mzazi wa mume wa binti yangu. Nilitaka nimpe zake usoni, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila mkalimani, halafu nitulie nimwone anavyobadilika rangi.

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni. Wanafunzi wananiita Mama Mwiko na wanadhani sijui. Najua, na ninajua nani alianzisha, na nyama yake huwa ni mfupa. Sufuria zangu mtu mzima anaingia akakaa. Mtu wa kazi kama hii hajazoea kunong'ona. Nikisema "Foleni!" hata walimu wanajipanga.

Binti yangu ndiye mtoto wangu wa pekee. Alikwenda kusoma mbali, akapata kazi huko huko, akapata na mume. Mume mwenyewe naye ni mgeni pale, katoka nchi nyingine kabisa, yenye lugha ambayo ukiisikia unadhani mtu kameza chai ya moto. Basi wale wawili nyumbani kwao wanaongea Kiingereza. Kijana Kiswahili chake ni "mama" na "asante", akimaliza hayo anabaki kucheka. Mama yake, wakati huo, alikuwa hajui Kiingereza wala Kiswahili. Mimi nilikuwa sijui Kiingereza wala hicho cha kwao.

Sasa nifikirie kwenye simu ya video, sote wanne. Ninasema kwa Kiswahili, binti yangu anakigeuza Kiingereza, mumewe anakigeuza cha kwao, ndipo kinamfikia mama mtu. Jibu nalo linarudi kwa njia hiyo hiyo kinyumenyume. Na yanavyopungua! Nitamwambia binti, "Mwambie mkwe wangu nimefurahi kumwona, namshukuru kwa kumlea kijana mwenye adabu, na kama hataudhika ningependa kujua kwa nini mwanangu amekonda vile, kwani huko hawali?" Binti yangu anasema maneno manne. Mumewe anasema mawili. Mama mtu anatikisa kichwa. Halafu anaanza yeye, anaongea mpaka anapumzika katikati, na mwisho wa yote binti ananigeukia na kuniambia, "Anakusalimu, mama."

Anakusalimu! Salamu gani ya kupumzikiwa katikati?

Nilivumilia. Nikasema labda lugha zao ni ndefu. Kisha binti yangu akapata ujauzito, na hapo uvumilivu wangu ukaisha wote kwa mara moja.

Maana mimi nilikuwa nimeshajipanga. Pasipoti ninayo. Mwalimu mkuu kanipa likizo baada ya kumzungusha mlango kwa mlango. Nimenunua koti zito ambalo nikilivaa nashindwa kukunja mikono. Nimeshona vinguo vya mtoto, na mimi kushona sijui, lakini nimeshona. Baba yake binti yangu alishafariki, ndugu zangu kila mmoja na lake, na nilikuwa nalala nikiwaza jambo moja tu: huyo mtoto akitoka, mikono ya kwanza ya ukoo kumpokea iwe hii yangu, yenye makovu ya moto. Sikutaka kingine duniani.

Siku hiyo binti akanipigia peke yake. Akazunguka weee, akauliza habari za mafua yangu, akauliza habari za paka wa jikoni. Nikajua kuna jambo, maana huyo paka hampendi.

"Mama," akasema, "mama yake mume wangu amesema atakuja yeye nikijifungua."

"Vizuri. Tutasaidiana."

"Amesema atakuja yeye peke yake. Nyumba ni ndogo. Amesema anatosha."

"Anatosha?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Na mimi niliyekuzaa sitoshi?"

"Mama, usianze."

Usianze! Nilikuwa sijaanza hata kidogo. Nikamwambia amwite huyo mama kwenye simu sasa hivi, nina ujumbe wake, autafsiri neno kwa neno. Akasema mtandao ni mbaya. Nikamwona kabisa kwenye kioo, sura haikatiki, sauti haikatiki, ananiambia mtandao ni mbaya.

Nikakata shauri palepale. Kama binti yangu hawezi kunifikishia matusi, nitayapeleka mwenyewe.

Shuleni kuna mwalimu wa Kiingereza tunayemwita Mwalimu Pasi, kwa sababu hata soksi anazipiga pasi. Ni mwembamba, ana miwani, na ana udhaifu mmoja: ukoko. Wali ukishapakuliwa, yeye yuko dirishani na kisahani, anajidai kapita tu. Nikamwambia, "Mwalimu, kuanzia leo ukoko ni wa wanaofundisha." Akasema yeye anafundisha. Nikamwambia, "Wanaonifundisha mimi."

Akaja kesho yake na kitabu kilichochanika mgongo. Tukawa tunakaa jikoni baada ya chai ya asubuhi, mimi nachambua maharage, yeye anasoma kwa sauti. Ndani ya kitabu mna bwana mmoja na bibi mmoja wasio na kazi duniani. Asubuhi wanaulizana hali ya hewa. Mchana wanaulizana posta iko wapi. Jioni bwana anamwomba bibi chumvi, bibi anampa, bwana anashukuru, bibi anasema si kitu, na somo limekwisha.

"Mwalimu," nikamwambia, "hawa watu hawagombani?"

"Hiki ni kitabu cha wanaoanza, mama."

"Mimi sianzi. Mimi namalizana na mtu. Hawana wakwe hawa?"

Akafunua akatazama kurasa za mbele. Hawakuwa na wakwe. Kulikuwa na somo la tiketi na safari, kulikuwa na somo la kwa daktari, na mwisho kabisa walikwenda pikiniki. Nikaona hapa sitasaidika, nikamwambia achukue kalamu, nitamtamkia, yeye ageuze tu.

"Andika. Wewe mama, huna haya. Mimi nimebeba mimba, nimezaa, nimelea, nimesomesha, wewe umekuja kukuta chakula mezani unaniambia unatosha. Unatosha nini? Nani kakualika kwenye uchungu wa mwanangu? Umeandika?"

"Naandika."

"Ongeza kwamba hata mwanawe amekonda mpaka uso umechongoka."

Mwalimu Pasi akaandika, akafuta, akatazama dari, akafuta tena. Mwishowe akanisomea sentensi moja, fupi, ya kistaarabu. Nikamwuliza maana yake nini. Akasema, "Nimesikitika kidogo kuhusu uamuzi wako."

"Kidogo?"

"Mama, wenyewe wakikasirika sana ndivyo wanavyosema."

"Wakikasirika sana wanasikitika kidogo? Na wakichoma nyumba ya mtu wanasemaje, samahani kwa moshi?"

Tulibishana mpaka kengele ikagonga. Aliapa kwamba mtu wa Kiingereza akiambiwa hivyo anakosa usingizi. Sikuamini, lakini ndiye mwalimu, na sentensi ndefu ilikuwa hainikai kichwani. Nikaikariri hiyo. Niliisema nikiosha mchele, niliisema nikimenya vitunguu, niliitupa kwa nguvu ndani ya sufuria tupu ili nisikie inavyovuma. Wanafunzi dirishani wakaidaka. Ukimpunguzia mtu kitoweo, foleni nzima inakuimbia kwa Kiingereza kwamba imesikitika kidogo kuhusu uamuzi wako. Nikawa na cha kufanya na mwiko.

Yaliyobaki nilijifunza kwa mpangilio wa kitabu, kwa vile Mwalimu Pasi alikataa kuruka somo. Hali ya hewa, nikajua. Njia ya posta, nikajua, ingawa posta siendi. Tiketi na safari, nikajua: unasafiri lini, treni yako inaondoka saa ngapi, una mizigo mingapi. Maneno nilikuwa nayaweka kichwani. Kuyaunga ndiyo ilikuwa kazi. Nilikuwa nayatoa moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Tumbo la mwanangu likawa linakua, na mimi naona muda unakwenda. Jumapili moja, wanafunzi wamekwenda kufua, nikasema leo ndiyo leo. Namba ya mkwe mwenzangu ilikuwemo kwenye kundi la familia tangu harusi, hakuna aliyewahi kunikataza kuipiga, ila tu sikuwa na cha kusema nikiipiga. Nikavaa gauni langu la kutokea. Nikaingia stoo ya jikoni, nikaegemeza simu kwenye debe la mafuta, nikakaa kwenye gunia la mchele. Mwalimu Pasi nikamweka kwenye gunia la maharage, pembeni, asionekane, kazi yake ni kuninong'oneza nikikwama.

Simu ikaita. Akatokea.

Nilikuwa sijawahi kumwona peke yake, bila mwanawe pembeni. Ni mwanamke mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani. Alikuwa mshona mapazia kabla ya kustaafu, na nyuma yake palikuwa na mapazia juu ya mapazia, hata sikuona dirisha liko wapi. Aliponiona akanyoosha mgongo. Nami nikanyoosha wangu. Nikafungua mdomo nianze, naye akaniwahi.

Kwa Kiingereza! Akasema, "Habari za mchana, bibi. Hali ya hewa kwenu ikoje?"

Mwalimu Pasi akaruka kwenye gunia. "Anaongea Kiingereza!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Tuelewane hapa. Haya yote ninayokuambia tuliyasema kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kinachechemea pande zote mbili. Ninakuwekea kwa Kiswahili kama nilivyokielewa. Kumbe mwenzangu naye alikuwa amekwenda kujifunza, na sura aliyokuwa nayo niliitambua mara moja, maana ndiyo niliyokuwa nikijiona nayo kwenye mfuniko wa sufuria nikifanya mazoezi. Huyu mama hakujifunza Kiingereza ili anisalimu.

"Hali ya hewa ni nzuri," nikamjibu kwa ukali. "Na kwenu?"

"Mvua kidogo," akasema, kakunja ndita.

"Pole kwa mvua."

"Si kitu."

Tukatazamana. Hasira zote ziko pale, shingo zimesimama, na midomoni hatuna ila mvua. Akaniuliza kama niko mzima. Nikamwuliza kama yuko mzima. Akaniuliza kazi yangu ni nini, na anaijua vizuri sana! Nikaona nikiendelea hivi tutafika posta. Nikavuta pumzi, nikamtupia silaha yangu, na nikaitupa kwa sauti ya kuita foleni:

"Nimesikitika kidogo kuhusu uamuzi wako!"

Mwalimu Pasi alikuwa anasema kweli. Yule mama alibadilika rangi kuanzia shingoni. Akashika ukingo wa meza, akainama mpaka paji la uso likajaa kwenye kioo, akasema:

"Mimi. Nimesikitika. Kidogo. Kuhusu uamuzi wako."

Nikamgeukia Mwalimu Pasi. "Ananiiga?"

"Nadhani na yeye ana mwalimu, mama."

Uamuzi wangu? Mimi nimeamua nini? Nilitaka kumwuliza hivyo, lakini maneno ya kuuliza hivyo sikuwa nayo, na Mwalimu Pasi alikuwa kaduwaa. Nikapekua kichwani nikakuta somo la tiketi na safari. Nikasema basi, nitapitia hapo hapo.

"Unasafiri lini?" nikamwuliza. Nikaonyesha tumbo kwa mikono, mtoto, anayekuja.

"Mimi?" Akajionyesha. "Mimi sisafiri. Unasafiri lini wewe?"

"Mimi sisafiri. Unasafiri wewe."

"Noo. Wewe."

"Noo. Wewe!"

"Wewe mizigo mingapi?" akaniuliza, kwa kejeli kabisa.

"Mimi hakuna mizigo! Wewe mizigo!"

Akachukua simu yake akaizungusha chumba kizima kunionyesha: hakuna sanduku, hakuna begi, ni mapazia tu na paka mmoja mnene. Akaiweka tena. Nilisikia kumbikumbi wa hesabu wanaamka kichwani mwangu, mmoja mmoja. Yeye haendi. Mimi siendi. Sasa nani anakwenda?

"Nani kusema mimi kusafiri?" nikamwuliza.

Akanijibu polepole, anachagua kila neno. "Mwanangu kusema. Binti yako kusema yeye. Mama wa binti kuja. Peke yake. Mama wa binti kusema, mimi usije. Nyumba ndogo."

Nyumba ndogo.

Neno lile lile. Nyumba haikuwa ndogo ya kukataa mama mmoja. Ilikuwa ndogo ya kukataa mama wawili, na kila mmoja kaambiwa mwenzie ndiye kaijaza. Mwanangu alikaa na mumewe wakapanga, kwa hicho Kiingereza chao, wakatuuza sote wawili. Hakunitaka. Hakuna mkwe aliyenizuia. Mwanangu mwenyewe, huyo huyo, hakutaka nije.

Liliniuma. Sina namna ya kulipamba. Nimeungua mafuta, nimeungua mvuke, lakini lile lilipita yote.

Nilipoinua macho, mkwe mwenzangu naye alikuwa amemaliza hesabu yake. Nilimwona inavyomwingia, na ninaijua ile sura, ni sura ya mtu aliyepata wa kumshika. Macho yakawa membamba.

"Kwa hiyo," akasema, "binti yako. Yeye uongo?"

Hakusema mwanawe. Alisema binti yangu. Na mimi ningesemaje hapo, mimi mama mwenye mwana mwenye mimba, ugenini, ndani ya nyumba ndogo, na simu itakayopigwa jioni hiyo kwa mume wake kumwambia mke uliyeoa ni mwongo? Maneno kama hayo hayaondoki. Atazaa nayo, atalea nayo, kila sikukuu atayakuta mezani.

Nikasema, "Noo."

"Noo?"

"Yeye si uongo. Mimi. Mimi kusema wewe usije."

Mwalimu Pasi akaninong'oneza, "Mama, si kweli!"

"Mimi kusema," nikaendelea, "mimi kutaka mtoto peke yangu. Wivu sana." Neno la wivu sikulijua kwa Kiingereza, nikakunja uso nikajikumbatia kama mtu anayeficha mkate, naye akaelewa. "Halafu kazi yangu kukataa. Mimi siji. Mimi haya kusema. Binti kunyamaza kwa sababu yangu. Yeye mtoto mzuri. Mimi mama mbaya."

"Ni 'nilisema'," akanong'ona Mwalimu Pasi, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kulowa, lakini ualimu ni ugonjwa. "Si 'kusema'. Ni jambo lililopita."

Nikampiga teke la ndala.

Mkwe mwenzangu akavua miwani. Akanitazama kwa muda mrefu, bila hasira na bila kucheka. Mpaka leo sijui kama aliniamini. Mimi nadhani hakuniamini hata kidogo, maana na yeye ni mzazi, na uongo wa namna ile mzazi anaujua kwa harufu. Akaifuta miwani kwa ncha ya pazia, akaivaa.

"Ndiyo," akasema. "Wewe mama mbaya sana."

"Sana."

"Na mwanangu," akasema, "mwanangu pia mtoto mzuri."

"Mzuri sana," nikamwambia.

Tukaagana kama bwana na bibi wa kitabuni, asante, asante, siku njema, siku njema pia. Kioo kikazimika. Mwalimu Pasi akatoa leso iliyopigwa pasi, akanipa. Akafungua mdomo, nikamwambia leo hakuna somo, aende. Akaenda, hata ukoko hakuulizia.

Nikatoka stoo nikainjika maharage ya jioni. Nilitupia vitunguu kama vilinikosea. Wasaidizi wangu walinitazama mara moja wakakumbuka wana kazi nje. Nilikuwa nimetia chumvi tu, simu ikaita. Binti.

"Mama! Umeongea nini na mama mkwe?" Anahema. "Kampigia mume wangu. Anasema mama yako kakiri kila kitu. Anasema ni wewe uliyemkataza. Anasema wewe ni mama mbaya lakini tusikuseme, una uchungu."

"Ndivyo."

"Mama, lakini wewe hukusema."

"Sikusema."

Nikamsikia anapumua.

"Umejua," akasema.

"Nimejua."

"Sasa kwa nini ukamwambia ni wewe?"

"Ulitaka nifanyeje? Nikuvue nguo mbele ya mkwe wako?"

Akaanza kulia. Nikamwambia, "Usilie kwanza! Mimi bado sijakasirika, na nimekaa siku nzima nangojea. Ngoja nikasirike, halafu utalia." Akacheka huku analia, na mimi ile hasira niliyokuwa nimeilea vizuri ikaanza kuniponyoka, ndipo nikakasirika kweli. Nikampa. Nikamwambia vinguo nimeshona, koti nimenunua, likizo nimeomba kwa kubembeleza watu wadogo kwangu kiumri. Nikamwambia nimejifunza Kiingereza uzeeni, kwenye magunia, wanafunzi wananizomea, kwa ajili ya kumtukana mama wa watu asiye na kosa. Nikamwuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea, mama."

"Basi?"

"Ukija utashika nyumba." Alisema haraka, kama anayeng'oa plasta. "Nakujua. Siku ya kwanza tu utapanga upya kabati zangu. Nikimshika mtoto utaniambia siyo hivyo, umpe huku. Na mama mkwe ni hivyo hivyo, mume wangu anasema afadhali hata wewe. Tunataka tumshike wenyewe kwanza, mama. Hata tukikosea. Sikujua nitakuambiaje. Wewe huwa huambiwi."

Mimi huwa siambiwi! Nilitaka kumjibu, na jibu nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa kumwamuru aache upuuzi. Nikalimeza. Halikushuka vizuri.

"Kwa hiyo ukamtupia yeye," nikasema.

"Ndiyo."

"Na yeye mkamtupia mimi."

"Ndiyo, mama."

"Sasa hayupo mtu wa kutupiwa. Niko mimi na wewe. Niambie mwenyewe."

"Nimeshakuambia."

"Umenieleza sababu. Hujaniambia. Niambie neno lenyewe, kwa Kiswahili, nilichokufundisha mimi."



"Mama," akasema, "usije."

Ndilo hilo. Hakuliwekea sukari wala hakulizungusha. Nikakaa nalo hapo mbele ya moto. Tangu amekua hajawahi kuninyima kitu uso kwa uso. Alikuwa akinikubalia, kisha anafanya yake kwa mlango wa nyuma, na mimi nikidhani ndiyo adabu.

"Nimesikia," nikamwambia.

"Umekasirika?"

"Naumia."

"Sana?"

"Sana, mwanangu. Si kidogo."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia waziwazi, na yeye akalia huko kwake, hakuna aliyemnyamazisha mwenzie. Maharage yakaanza kushika chini. Harufu ikajaa jiko, wasaidizi wakaja mlangoni kuchungulia, nikawapungia mkono wazime moto waondoke.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Usikate simu."

"Nina shule nzima ya kulisha."

"Najua. Usikate."

Sikukata.